Kijiko Chake na Changu

Mwanangu Neema ana ugonjwa wa kupanga. Hawezi kuingia nyumba ya mtu akanywa chai akaenda zake. Lazima afungue droo. Alikuja kutoka Mbeya muda mfupi baada ya arobaini ya baba yake, kabeba boksi jembamba chini ya kwapa, na kabla kiti hakijapata joto ameshakaa kwenye sakafu ya jiko langu ananitolea vijiko. Ndani ya boksi mlikuwa na vigawanyo vya plastiki, vyeupe, vya kuvuta vikarefuka halafu ukiviachia vinajibana vyenyewe kwenye kuta za droo. "Mama, uma huku, vijiko huku, visu huku. Hutahangaika tena." Nikamwambia sijawahi kuhangaika, vijiko vyangu navijua hata nikifumba macho. Akacheka. "Vijiko vyote hivi, mama, na unaishi peke yako!" Hakuwa na ubaya. Lakini tangu Amosi afariki watu wamenipa pole za kila namna, wameniletea unga, wameniombea, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelitamka hilo mpaka mtoto wangu mwenyewe aliposhika vijiko mkononi. Nikamwachia jiko lake, nikatoka uani. Ningesema kwamba huko nje nilikaa nikamlilia mume wangu, ingependeza. Kumbe niliyemkumbuka ni baba yake Amosi.

Mwaka ule nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa. Amosi aliendesha malori ya kwenda Kongo, akanipangishia nyumba mtaa wa Mpemba, Tunduma mpakani, vyumba viwili na sebule ndogo, korido katikati, choo nje. Mwezi wa kwanza haukuisha akaondoka na mzigo. Mtu asiyekaa Tunduma anadhani mji wenye kelele kiasi kile huwezi kuwa mpweke ndani yake. Mimi nilitoka Itaka, kwenye kahawa, kwenye ukimya wa kusikia jirani akikohoa ng'ambo ya bonde, na sikuwahi kuwa mpweke kule. Mpemba malori yalinguruma tangu alfajiri, foleni inasogea, inasimama, madereva wanaitana Kiswahili, Kibemba na lugha ambazo sijui mpaka leo, na mimi nimekaa kwenye sofa la mkopo la watu wawili nikitazama ukuta. Nilipika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja hauivi vizuri, sijui kwa nini. Unabaki na madonge. Nikawa nasema na sufuria. Siku moja nikajisikia nikiiuliza kama imeshiba, nikaogopa.

Kwa hiyo Amosi aliporudi na kuniambia amekuja na mzee wake kutoka Ileje, ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya presha na miguu inayovimba, nilifurahi kupita kiasi. Mtu! Mtu mzima wa kumsalimia asubuhi, wa kumpikia, wa kumwuliza hali ya usiku. Nikainuka niende mlangoni kupokea mizigo, Amosi akanishika bega na kunigeuza uso ukutani. "We vipi? Baba huyo anaingia." Nikasimama pale na kanga usoni, nikasikia fimbo ikipita korido, tok, tok, na pumzi nzito, na mlango wa chumba cha mbele ukifungwa. Hivyo ndivyo nilivyomkaribisha baba mkwe wangu.

Sasa nieleze, maana hata wanangu ukiwaambia wanadhani nawatungia. Wandali wa ukoo ule hawachezi na ukwe. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso, hawasemeshani, hawasalimiani, hawapokezani kitu mkononi, hawali kwenye chombo kimoja. Kwetu Unyiha wakwe tunawaheshimu sana, lakini kwa mume wangu heshima ilikuwa ukuta. Na ukuta huo hufunguliwa siku maalumu: baba mkwe anatoa kitenge na kuku, mbele ya mwanawe na mtu mzima mmoja wa kushuhudia, anamwita mkwewe "mwanangu", na kuanzia hapo mnasalimiana na unampa maji mkononi. Ndiyo kufunguliwa. Mpaka siku hiyo umefungwa. Kijijini jambo hili halina tabu. Mzee ana nyumba yake, wewe una yako, kuna mama mkwe, kuna mawifi wa kubeba chakula, kuna njia ya kukwepa. Lakini kuwachukua watu wawili waliofungwa, mmoja mgane na mmoja mke wa dereva, ukawaweka kwenye nyumba ya kupanga yenye korido moja na kabati moja la vyombo, halafu asubuhi ukawasha lori ukaondoka! Amosi alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila mambo ya ndani ya nyumba hakuyawaza hata kidogo. "Mtakaa vizuri tu," alisema. Akaenda zake.

Tukaanza kuishi kwa kukohoa. Mzee akitaka kutoka chumbani anakohoa na kugonga fimbo. Mimi nakimbilia jikoni na kufunga mlango. Mimi nikitaka kupita nagonga mfuniko wa sufuria. Kuna siku alikohoa kwa mafua ya kweli na mimi nikashinda nakimbia kama kuku, napika, nakimbia, naosha, nakimbia. Chakula nilikiweka kwenye rafu ya katikati ya kabati, pale koridoni, nagonga mfuniko, natoka uani. Yeye anachukua, anakula chumbani, anarudisha vyombo kwenye beseni. Niliviosha vyombo vya mtu ambaye sikumjua hata urefu. Nilichokijua ni kwamba anabakiza ukoko wa ugali na mifupa ya dagaa anaipanga pembeni ya sahani, safu moja, kichwa upande mmoja.

Halafu uji ukaanza kurudi. Mchana anakula ugali na maharage vizuri, usiku anakula, lakini uji wa ulezi wa asubuhi nikirudi naukuta palepale, umeganda, umeshika ngozi juu. Nikaongeza sukari. Ukarudi. Nikaweka maziwa, nikaweka karanga za kusaga. Ukarudi. Nikalia, sitaficha, nililia mbele ya bakuli la uji. Mgonjwa wa presha anameza dawa tumbo tupu, akianguka watasema nini Ileje? Kwamba mke wa Amosi, Mnyiha yule, alimshindisha mzee njaa. Na siwezi kwenda mlangoni nikamwuliza, baba, uji una nini.

Nikamfuata Mama Bahati, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mnamwanga aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kila siku na biashara zake za sabuni na kapenta, dagaa wa kule. Mama Bahati hakuwa na ukwe wowote kwenye nyumba ile, kwa hiyo alikaa na mzee barazani kila alipotaka, wakipiga soga. Alinisikiliza akashika kiuno. "Awe, mukwai! La, jamani! Watu wawili wazima mnauana kwa adabu!" Akatoka kwenda barazani, mimi nikabaki nyuma ya dirisha la sebule. Nikasikia anamwuliza bila kuzunguka kwa nini hanywi uji wa mtoto wa watu. Ikaja sauti nzito, ya taratibu, yenye lafudhi ile ya milimani. "Ugali nakula kwa mkono. Uji unataka kijiko. Nikifungua droo, vijiko vimelala pamoja vyote. Nitajuaje kijiko chake na changu?"

Kumbe ni hilo! Nilisimama nyuma ya pazia nikataka kucheka na kulia pamoja. Mzee alikuwa anafungua droo kila asubuhi, anatazama vijiko vya mkwewe na vyake vimechanganyika, anaifunga, anarudi kulala na njaa. Mama Bahati alirudi akanitupia boksi tupu la sabuni. "Kata, gawa hiyo droo. Kulia mzee, kushoto wewe. Mnasumbua ulimwengu." Nikakata boksi kwa kisu, nikalisimamisha katikati ya droo, vijiko vyake upande mmoja, vyangu upande mwingine, na vya kwake nikavifunga uzi mwekundu shingoni. Kesho yake bakuli lilirudi tupu. Lilikuwa limelambwa, nasema kweli. Nilifurahi siku nzima kwa ajili ya bakuli.

Boksi halikukaa. Mende walilipenda, na unyevu wa vijiko ukalilegeza likalala chali. Nilikuwa nimepanga kukata jingine, lakini nikarudi kutoka sokoni mchana mmoja nikaikuta droo imebadilika. Mzee alikuwa ameomba kwa Mama Bahati vipande vya plaiwudi, vile vinavyovunjika kwenye makreti ya mizigo, akavikata kwa kisu chake, akavichonga mikato ya kuingiliana, kimoja kimekatwa nusu kutoka juu, kingine nusu kutoka chini, vikashikana bila msumari hata mmoja. Alikuwa amevisugua mpaka havichomi kidole. Upande wake, upande wangu, kijumba cha kiberiti na mishumaa, kijumba chembamba cha sindano na uzi ambao nilikuwa nautupa popote. Alikuwa ameona. Mtu asiyeniona alikuwa ameona kwamba sina pa kuweka sindano. Niliketi chini koridoni na droo mapajani nikaitazama kama mtu aliyepata barua. Tangu niingie Mpemba hakuna aliyekuwa amefanya kitu kwa ajili yangu bila kuombwa.

Nami nikajibu. Nikakata karatasi ya plastiki ya maua, ile ya mezani, nikaitandika chini ya kila kijumba chake. Siku zilizofuata akaweka kibao cha kusimama kwenye rafu ya vikombe, kikombe chake huku, vyangu kule. Nikamtengea sehemu ya dawa, za asubuhi mbele, za jioni nyuma, kibao kifupi katikati. Akachonga ukingo kwenye rafu ya juu ili hotipoti isiteleze. Neema na plastiki yake hawezi kuelewa hili. Yeye anagawa droo ili apate uma haraka. Sisi tuligawa kabati lile mpaka kila kitu ndani yake kikawa kina mwenyewe, na kadiri vibao vilivyoongezeka ndivyo nilivyozidi kumjua. Nilijua anatumia mkono wa kushoto, kwa jinsi alivyorudisha kisu. Nilijua siku ambazo miguu ilimuuma, maana kikombe kilibaki kwenye rafu ya chini, hakunyanyua. Jioni nilikaa nyuma ya dirisha na mchele wa kuchambua, namsikiliza akizungumza na Mama Bahati barazani. Siku moja alimsimulia marehemu mke wake. "Alikuwa na tabia ya kuweka chumvi pamoja na kiberiti, kopo moja. Chumvi yote inanuka kiberiti. Nimegomba miaka. Sasa kila nyumba ninayokula naonja chumvi, naitafuta ile harufu." Mimi niliacha kuchambua mchele. Nilitamani kutoka nje na kumwambia, pole, baba. Maneno mawili tu. Nikayameza.

Katikati ya droo palikuwa na kijumba kimoja kipana ambacho hakuweka kitu. Nami sikuweka, nilidhani nitakosea. Mwishowe nikamtuma Mama Bahati akaulize ni cha nini. Alirudi anatabasamu, jambo ambalo si la kawaida yake. "Anasema hapo ndipo vijiko vyenu vitachanganyika. Amosi akirudi tu, anakufungulia. Kanipa na hela ya kitenge." Nilijifunika uso kwa kanga kama vile mzee amesimama pale. Tangu siku ile nilikuwa na shughuli moja tu duniani, kumsubiri Amosi. Na tofauti na wake wengine wa madereva, sikumsubiri kwa ajili yake mwenyewe. Nilimsubiri aje asimame pale koridoni ili baba yake anisalimie.

Kitenge kikaja, cha Nakonde, bluu yenye ndege. Kuku akanunuliwa, tembe mwekundu, akafungwa mguu uani. Amosi akatuma salamu kupitia dereva mwenzake kwamba yuko njiani. Kisha zikaja nyingine kwamba amekwama Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, gari limeharibika, wanasubiri spea. Tembe akaanza kutaga. Mama Bahati akasema tusile mayai ya kuku wa watu, tukayaacha, akaatamia. Salamu nyingine: spea imekuja, si yenyewe. Kuku akatotoa. Vifaranga wakakimbia uani kwangu wakanyea kila mahali, kuku wa kufunguliwa ameshakuwa mama wa watoto, na mimi bado nimefungwa. Nilimwambia Mama Bahati amwombe mzee afanye bila Amosi, yeye atashuhudia, nani atakataa? Alikwenda akaongea naye kwa muda mrefu, nami nikasikia jibu kwa masikio yangu. "Nikimfungulia nyuma ya mume wake, ndugu zangu watasema nini? Watauliza, hawa wawili walikuwa na haraka gani? Jina litakalochafuka si langu, mama, ni la yule binti. Atasubiri. Nami nasubiri." Nilimkasirikia, nilikasirika mpaka nikagonga mfuniko wa sufuria kwa nguvu wakati wa chakula. Baadaye nikakaa nikafikiri ni nani mwingine aliyekuwa amewahi kulijali jina langu kiasi hicho.

Asubuhi moja hakukohoa. Uji ukapoa. Niligonga mfuniko, nikagonga tena, nikasimama nje ya mlango wake, nikasikia pumzi ikikwaruza. Nikatoka mbio barabarani bila viatu nikipiga kelele, wanaume wa foleni wakaruka kutoka kwenye malori yao, Mama Bahati akaja na kanga ya kumfunika, wakambeba. Walipompitisha nilikuwa nimegeukia ukuta. Hata katika hali ile. Nilimpikia kila siku, Mama Bahati anapeleka hospitalini. Mzee alikuwa anakula kidogo, Mama Bahati aliniambia, na anauliza kama Amosi amefika. Siku ya Amosi kuvuka mpaka ndiyo siku aliyofariki mzee. Baba amekufa asubuhi, mtoto akaingia jioni, na nguo za safari mwilini.

Tukampeleka Ileje. Mvua ilikuwa imeanza, milima yote imefunikwa, na nyumba ya mzee ilijaa watu ambao wote walimjua uso. Nilipewa kazi ya kumenya magimbi pamoja na wanawake wengine. Nikawasikiliza wanavyomsimulia: alivyokuwa mrefu, kovu la shavuni, meno ya mbele yaliyoachana, yalivyoonekana akicheka. Nilikula habari hizo kama mwenye njaa. Nilikaa na mtu yule nyumba moja, najua alivyopanga mifupa ya dagaa, na wageni wa kijiji cha tatu walikuwa wananiambia ana kovu.

Ibada ilipokwisha jeneza likafunguliwa, watu wakapanga mstari wa kuaga. Nami nikasimama kwenye mstari. Sikupanga kufanya hivyo, miguu ilikwenda. Nilipokaribia mlango, shangazi yake Amosi, dada wa marehemu, bibi mwembamba mwenye sauti ya chini, akanizuia kwa mkono. "Mke wa Amosi. Kaka yangu alikufungulia?" Watu mstarini wakageuka. Amosi alikuwa mbele kidogo, akainamisha kichwa. Mama Bahati, aliyesafiri nasi kutoka Tunduma, akanibana mkono kwa nyuma na kunong'ona, "Sema ndiyo. Kitenge si ulipata? Nani atajua?" Na kweli hakuna ambaye angejua. Hatua chache tu na ningeona lile kovu. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo mwaka mzima, nilitaka mpaka meno yaliniuma. Lakini alikuwa amekataa kunifungulia kwa mlango wa nyuma ili jina langu lisichafuke, naye alikuwa mpweke kama mimi, huenda kunizidi. Ningejifungulia mwenyewe kwa uongo, mbele yake, naye hawezi kusema kitu?

"Bado, shangazi," nikasema.

Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, akanisimamisha nikitazama ukuta wa udongo, naye akasimama nami, hakurudi kuaga tena. Tulisikia wimbo, kisha nyundo. Msumari wa mwisho ulipoingia aliniambia naweza kugeuka. Wanaume walikuwa wanalitoa jeneza kwa njia ya nyuma, kukwepa tope, wakapita karibu nasi kabisa, karibu ya kugusa. Nikapiga magoti chini palepale kwenye matope.

"Shikamoo, baba."

Nilisema kwa sauti, watu walisikia, wabebaji wakasita. Nilidhani nitafukuzwa. Shangazi alinitazama, akalitazama jeneza la kaka yake, kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.